Akiba Nayo Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ni methali ambayo takriban kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya ameinakili katika daftari lake, nao walimu wameifafanua mara zisizohesabika kwa mfano wa mahindi ghalani na fedha benkini. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mkazi wa Kitengela na mfundishaji katika shule ya upili ya Kajiado, aliifundisha kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004 msichana mmoja wa kidato cha pili alimpinga. Mwaka huo sumukuvu ilikuwa imeingia katika mahindi yaliyohifadhiwa huko Ukambani na kuua zaidi ya watu 100, na msichana huyo alikuwa na jamaa Makueni. "Mwalimu," aliuliza, "kama akiba haiozi, hawa waliokufa walikula nini?" Mwalimu alimjibu kwamba methali haichukuliwi kwa maana yake ya juujuu. Darasa likacheka, kengele ikalia. Jibu lile lilimtosha wakati huo. Halikumtosha tena baada ya mwaka 2023.

Chanzo cha mambo kilikuwa utafiti wa shahada ya uzamili. Mwaka 2005 mwalimu huyo alizunguka Kajiado, Isinya, Namanga na Magadi akiwa na kinasa sauti cha kaseti begani. Alitaka kufahamu jinsi Kiswahili kilivyokita mizizi katika masoko na stesheni za Umaasaini. Alizungumza na wachuuzi, makarani wastaafu wa reli, madereva wa malori ya mpakani, na wazee wa Kimaasai waliojifunza lugha hii katika biashara ya ng'ombe. Kazi ilipokamilika, tasnifu ilifungwa kwa jalada jeusi na kuwekwa maktabani. Kaseti 61 zikabaki katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Miongoni mwa kaseti hizo ilikuwemo moja yenye sauti ya mamake mzazi. Mama huyo aliuza maharagwe na unga karibu na stesheni ya Kajiado kwa miaka mingi, na hapana lugha ya mteja ambayo hakuipatia jibu. Mwalimu hakumhoji yeye mwenyewe, kwani kila alipojaribu mama alimkatiza akisema, "Hayo si unayajua?" Akamwomba mwanafunzi mwenzake aende badala yake. Mama alifariki dunia mwaka 2011. Tangu siku hiyo kaseti ile haikuwa data ya utafiti tena. Ilikuwa mahali pekee duniani ambapo sauti yake ilisikika.

Mwaka 2016 mwalimu alizihamisha sauti zote kutoka kwenye kaseti hadi kwenye diski moja ya kubebeka, naye akaamini kwamba amemaliza. Sanduku la bati likahamishiwa stoo. Miaka mitatu baadaye diski hiyo ilianguka kutoka mezani, ikatoa mlio mwembamba, ikanyamaza. Fundi aliyepelekewa aliishughulikia kwa siku tatu kisha akairudisha akitikisa kichwa. Mwalimu alirejea stooni mbio mbio na kugundua kwamba paa lilikuwa likivuja. Alipozicheza kaseti upya, 9 kati ya zile 61 zilikuwa zimeharibiwa na unyevu kiasi cha kutosikika. Zilizobaki 52 zilisalimika, ya mama ikiwa mojawapo, ingawa ilikuwa na mkwaruzo kama wa mtu apembuaye mchele.

Hapo ndipo bintiye, aliyekuwa akisomea sayansi ya tarakilishi jijini Nairobi, alipoingilia kati. Alimshauri babake aache kutegemea diski moja na badala yake ajenge seva ya nyumbani. Walinunua tarakilishi kuukuu iliyokuwa imestaafishwa na ofisi moja, wakaiongezea kumbukumbu ikafika gigabaiti 32, wakaiweka juu ya rafu katika chumba cha nyuma, mbali na vumbi la barabara ambalo wakazi wa Kitengela wanalijua vyema wakati wa kiangazi. Ndani yake binti alipakia Proxmox, programu huria inayotengenezwa mjini Vienna, Austria, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Kazi ya programu ya aina hii ni kuigawa tarakilishi moja katika mashine kadhaa pepe, kila moja ikijiona kana kwamba ni tarakilishi kamili.

Mwalimu hakuelewa. Binti akamwonyesha dirishani. Kitengela ya leo ni mji wa nyumba za kupanga. Mahali ambapo zamani nyumbu na punda milia walipita wakitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuelekea nyanda za Athi na Kaputiei pamegawanywa viwanja, na katika viwanja hivyo pamesimama vyumba vilivyopangana.

"Baba," alisema, "hii tarakilishi ni ploti. Ua ni mmoja, tangi la maji ni moja, stima ni moja. Lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake. Mmoja akihama au akivunja dirisha lake, wengine wanaendelea kulala."

"Na mwenye ploti?"

"Ni Proxmox. Yeye ndiye anayeamua nani apate maji kiasi gani."

Ploti hiyo ilipata wapangaji watatu. Wa kwanza alikuwa hifadhi ya mtandao, yaani ghala la pamoja ambalo kila kifaa cha nyumbani kiliweza kulifikia bila kuchomekwa waya wa diski. Mpangaji huyu alikabidhiwa diski mbili za terabaiti 4 kila moja, zilizofungwa kama pacha: lililoandikwa katika moja liliandikwa papo hapo katika nyingine, ili moja ikifa nyingine iendelee. Mfumo uliozisimamia, uitwao ZFS, una sifa moja ambayo mwalimu wa lugha angeithamini. Kila kipande cha data huwekewa alama ya hesabu, na kipande kikisomwa hesabu hurudiwa. Zisipolingana, mfumo hujua kwamba kipande kimeoza na kukirekebisha kutoka kwa pacha wake. Mpangaji wa pili alikuwa mfumo wa unukuzi, ambamo wanafunzi wa chama cha Kiswahili cha shule walikaa kila Jumamosi wakisikiliza kaseti na kuziandika neno kwa neno. Wa tatu alikuwa wa mazoezi ya binti. Wapangaji wenyewe walilala katika diski ndogo ya tatu, ileile iliyomhifadhi mwenye ploti.

Binti alimtahadharisha babake kwamba pacha si akiba. Pacha hulinda dhidi ya kifo cha diski moja tu. Mtu akifuta faili kwa makosa, hufutika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi akibeba mashine, hubeba pacha wote. Kwa hivyo alipanga kwamba kila siku saa nane za usiku nakala kamili ya kila mpangaji itengenezwe na kupelekwa katika ghala la mtandao. Asubuhi mwalimu alipokea ujumbe katika simu yake: nakala zimefaulu. Aliuzoea ujumbe huo kama azoeavyo mtu mlio wa jogoo. Alifika darasani akawaambia wanafunzi, kwa fahari isiyofichika, kwamba kazi yao ya Jumamosi haiwezi kupotea.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu kote nchini Kenya. Mwalimu hakuwa nyumbani. Betri ya dharura iliishikilia mashine kwa muda wa dakika 20 hivi, kisha ikazima ghafla mashine ikiwa kazini. Umeme uliporudi siku iliyofuata ulikuja kwa kishindo, ukaondoka, ukaja tena. Taa za mashine ziliwaka, ila skrini ilibaki nyeusi. Diski ndogo haikuamka.

Binti alifika Jumapili. Alizichomoa diski mbili pacha, akazichomeka katika tarakilishi nyingine, akaandika amri moja. Baada ya dakika chache orodha ya kaseti ilijitokeza kwenye skrini, zote 52. Mwalimu alishusha pumzi. Kisha binti akafungua folda ya nakala za kila usiku ili awarudishe wapangaji mahali pao, akakaa kimya kwa muda mrefu.

"Baba, nakala ya mwisho humu ni ya tarehe 11 Machi."

"Haiwezekani. Juzi asubuhi simu iliniambia zimefaulu."

"Ilikuambia kweli. Zilifaulu. Lakini hazikuja huku."

Maelezo yake yalikuwa haya. Mwezi wa Machi umeme ulikuwa umekatika kwa dakika chache na kurudi. Mwenye ploti aliamka kabla ya mpangaji wa hifadhi kufungua mlango wake. Folda iliyopaswa kuwa njia ya kwenda ghalani ikawa folda tupu ya kawaida iliyokaa katika diski ndogo. Saa nane za usiku programu iliitafuta folda yenye jina lile, ikaipata, ikaandika humo, ikatuma ujumbe wa kufaulu. Ikafanya hivyo kila usiku kwa miezi mitano, ikifuta nakala za zamani na kuweka mpya, pale pale katika diski ambayo nakala hizo zilikusudiwa kuikinga. Wala hilo halikuwa kosa pekee. Hata kama mlango ungekuwa wazi, ghala lenyewe lilikuwa mpangaji katika ploti ileile, na nakala ya mpangaji huyo iliwekwa ndani ya ghala lake mwenyewe. Ni sawa na mtu aliyefungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku.

Hasara yenyewe, ikipimwa kwa mizani ya dunia, haikuwa kubwa. Hapakuwa na fedha zilizopotea. Zilipotea kaseti 19 zilizokuwa zimenukuliwa: Jumamosi za miezi mitano za watoto wapatao kumi na wawili, baadhi yao wakiwa wa kidato cha nne ambao mtihani wa kitaifa ulikuwa ukiwabishia hodi. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu mwalimu alisimama mbele yao akawaeleza. Hakutafuta pa kutupia lawama, ingawa angeweza kuwalaumu watu wa umeme, mashine kuukuu, au hata bintiye. Mvulana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, si ulisema inaweka akiba kila usiku?" Mwalimu akakumbuka swali la msichana wa mwaka 2004. Safari hii hakuwa na la kusema kuhusu maana ya juujuu. Mahindi yale ya Ukambani nayo yalikuwa akiba, na ghala lilikuwa limejaa. Lililokosekana ni mtu wa kuyakagua kabla ya siku ya kula.

Yafaa ikumbukwe kwamba suala hili si geni katika taaluma ya Kiswahili, ijapokuwa vifaa ni vipya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yaliishi kwa miongo kadhaa katika vifua vya watu waliomkumbuka. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi hizo zilisafiri hadi Uingereza, zikahifadhiwa London, na kutokana nazo William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940. Baadaye, mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz naye akachapisha utafiti wake juu ya mshairi huyo. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akinakili tendi kwa mkono mzuri, nyingine zikiwa za wasomi wa Ulaya waliomwagiza. Laiti nakala hizo zisingetengenezwa, leo wanafunzi wangekuwa wakisoma kuhusu tungo nyingi badala ya kuzisoma tungo zenyewe.

Mambo mawili yanajitokeza katika historia hiyo. La kwanza ni kwamba kilichookoa si karatasi, bali umbali. Nakala iliyoko mahali pengine haiguswi na mchwa wa hapa wala moto wa hapa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulipoingia katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger, hazina kubwa ya machapisho kuhusu Afrika iliungua kwa siku moja. Kilichokuwa na nakala kwingineko kilikuwa na njia ya kurudi. La pili ni chungu zaidi. Nakala za washairi wa pwani ziliokoka kwa kwenda mbali na wenyewe, kiasi kwamba kwa muda mrefu mjukuu wa Mombasa alihitaji nauli ya ndege ili asome mkono wa mji wake. Kuhifadhi ni kuchagua nani atashika ufunguo.

Mwalimu aliyatafakari hayo alipokuwa akijenga upya. Bintiye alimpa kanuni ambayo ilienezwa katika miaka ya 2000 na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Nakala ya kwanza ni ile itumiwayo kila siku Kitengela. Ya pili wakaiweka katika diski ya kubebeka iliyofungwa kabatini bila kuunganishwa na chochote, ikitolewa mara moja kwa mwezi. Ya tatu ndiyo iliyowasumbua. Wangeweza kukodi nafasi katika seva za makampuni ya ng'ambo kama wafanyavyo wengi. Mwalimu hakukataa kwa ubishi. Alisema tu kwamba sauti hizi ni za watu wa Kajiado, na Kajiado iko umbali wa takriban kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Kakake mkubwa alikuwa akiishi huko, katika nyumba aliyoiacha mama.

Walitafuta tarakilishi ndogo isiyozidi ukubwa wa kamusi, wakaipa diski moja na programu ya nakala itokayo Vienna vilevile, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Novemba 2020. Programu hii haihamishi kila kitu kila usiku. Hulikata kila faili katika vipande, ikatambua vipande ambavyo tayari inavyo, ikachukua vile vipya tu. Aidha, binti aliipanga ili mashine ya Kajiado ndiyo ije kuchukua, si ya Kitengela ipeleke. Hivyo hata mdudu wa tarakilishi akiingia Kitengela, hana ufunguo wa kufuta yaliyoko Kajiado. Mashine ya Kitengela nayo iliagizwa ikatae kuandika nakala yoyote iwapo mlango wa ghala haujafunguka. Afadhali ujumbe wa kushindwa kuliko ujumbe wa kufaulu usio na kitu ndani.

Ikabaki hesabu ya njia. Kaseti 52 za dakika 90 ni saa 78 za sauti, na kwa ubora waliouchagua, wa megabaiti zipatazo 10 kwa dakika, hizo ni karibu gigabaiti 50. Pamoja na picha za kurasa za madaftari ya utafiti shehena ilifika gigabaiti 90. Intaneti ya nyumbani Kitengela ilipandisha megabiti 5 kwa sekunde siku ikiwa njema. Kwa kasi hiyo safari ingechukua saa 40 bila kukatika, na hakuna aliyewahi kuona saa 40 bila kukatika. Basi nakala ya kwanza haikwenda kwa intaneti. Siku moja ya Desemba mwalimu na bintiye waliifunga mashine ile ndogo, ikiwa tayari imejazwa, katika leso ya marehemu mama, wakapanda matatu. Walipita Isinya, wakapita mifugo iliyokuwa ikivuka barabara, wakashuka Kajiado adhuhuri.

Kaka aliitazama mashine kwa shaka. "Mwalimu, hiki kitu kitakula stima ngapi?"

"Baba Mkubwa, ni kama wati 20," binti alijibu. "Kwa mwezi haizidi uniti 15. Tutakutumia tokeni."

"Msinitumie. Kwani humo mna nini cha kuwekewa tokeni?"

Walimwambia. Hakusema neno. Alikwenda akaleta kiti kimoja zaidi.

Binti alikuwa amepanga jaribio, kwani baada ya Agosti aliapa kutoamini ujumbe wowote wa simu. Alichomoa waya wa intaneti ili kusiwe na msaada wowote kutoka Kitengela. Alichukua kipakatalishi kitupu. Nakala ilikuwa imefungwa kwa fumbo, na ufunguo wake ulikuwa umeandikwa katika karatasi iliyotiwa katika bahasha. Aliufungua, akauandika herufi kwa herufi, akaiambia mashine irudishe kaseti moja. Alimwuliza babake ni ipi. Halikuwa swali gumu.

Mkwaruzo ulisikika kwanza. Kisha sauti ya mama ikasikika ikimweleza mgeni jinsi wateja wa treni walivyomfundisha maneno ya bara na ya pwani, naye akawafundisha bei. Kaka hakuwahi kuisikia kanda hiyo. Aliinamisha kichwa. Katikati ya sentensi mama alinyamaza, ukasikika mvumo wa chini, na baada ya muda akaendelea. Katika nukuu za wanafunzi, zile zilizopotea, mahali hapa palikuwa pameandikwa "kelele", na kando yake "msemaji amesahau". Mwalimu mwenyewe alikuwa amezipitia na kuziidhinisha. Alilikumbuka jambo hilo sana, kwa maana lilimuuma kudhani kwamba mamake alikuwa ameanza kusahau.

"Hajasahau," kaka alisema.

"Vipi?"

"Hiyo ni treni ya magadi. Inatoka Magadi inakwenda Konza. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukukaa naye kibandani. Treni ikipita, Mama hasemi. Angoja ipite ili mteja asikie bei vizuri. Rudisha nyuma usikie."

Binti alirudisha nyuma. Walisikiliza mara tatu. Mvumo ulianza mbali, ukakua, ukapungua, na mama akaendelea na neno lilelile alilolikatiza, bila kusitasita hata kidogo.

Mwalimu aliporudi shuleni aliwaeleza wanafunzi wapya wa chama mambo mawili. Kwanza, kazi ingeanza tena kutoka kaseti ya kwanza. Pili, kila kaseti ikishanukuliwa isikilizwe na mtu aliyekuwa mwenyeji wa mahali pale, maadamu wenyeji wangali hai. Nakala iliyopotea, alisema, ilikuwa na kosa, na kosa hilo lingehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa katika diski tatu, kila kipande kikiwa na hesabu iliyolingana. Mashine hujua kama herufi zimebadilika. Haijui kama mama amesahau au angoja treni ipite.

Tangu wakati huo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mmoja wa familia hufika Kajiado au kumpigia simu kaka. Kaseti moja huchaguliwa kwa kura, hurudishwa kutoka katika nakala na kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Kaka, ambaye awali hakujua kuwasha kipakatalishi, sasa hufanya kazi hiyo peke yake. Kando ya mashine ameweka daftari la kurasa 96 ambamo huandika kwa kalamu tarehe, nambari ya kaseti, jina la aliyesikiliza, na jambo lolote alilolitambua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii hapana mwanafunzi aliyeipinga. Safu ya mwisho ya daftari hilo ina maneno machache tu: mvua yaanza hapa, huyu ni babake fulani, ng'ombe wanapita, hapa anacheka.

Methali ya akiba ingali inafundishwa katika darasa hilo. Mwalimu huiandika ubaoni kama zamani, kisha huwauliza wanafunzi ni nani, katika nyumba zao, afunguaye ghala kuyatazama mahindi.